Nikikataa, mtarudi?

Mzee alikuwa anasokota kamba.

Zile kamba za magome ya mbuyu, unaloweka, unachambua nyuzi, halafu unazisokota juu ya paja mpaka zishikane. Kazi ya kiangazi hiyo, uwele umeshaingia ghalani na mtu hana haraka. Tulimkuta kwenye kigoda nje ya nyumba yake, kijiji kimoja upande wa Mvumi, Dodoma, ambacho jina nitaliacha, tukapiga mbukwa zetu, salamu ya Kigogo, akaitikia, mjukuu akaleta benchi tukakaa. Mimi nilikuwa mkalimani. Wageni walikuwa vijana wa kanisa fulani la Marekani waliokuja kwa misheni ya wiki mbili, na kila kikundi kilipewa mkalimani wake na mstari wake wa nyumba.

Binti mmoja akavua bangili yake ya shanga akaanza kueleza. Wengi mnaijua hii. Nyeusi dhambi, nyekundu damu, nyeupe moyo uliosafishwa, kijani kukua, njano mbinguni. (Hapo kwenye nyeusi huwa natafsiri huku naangalia pembeni, sijui kwanini hawajawahi kutafuta rangi nyingine.) Mzee alisikiliza yote, mkono hauachi kusokota, na katikati akauliza maswali ya maana kabisa, mtu ambaye habari hizi si ngeni kwake. Tukafika kwenye lile swali la mwisho, je uko tayari kumpokea leo?

Mkono ukasimama.

"Niulizie," akasema. "Nikikataa, mtarudi?"

Nikatafsiri kama ilivyo. Binti akamwangalia kiongozi wao. Kiongozi akatabasamu, akasema mwambie Yesu anampenda sana.

Nikamwambia.

"Yesu sijamuuliza," mzee akasema. "Nimewauliza ninyi."

Basi pale kukawa na ukimya wa ajabu, mbuzi tu wanapita, na baadaye kidogo kiongozi akaomba tufunge kwa maombi, tukaomba, tukaagana, tukaenda nyumba inayofuata kwa sababu ratiba ilikuwa ratiba. Jioni kwenye gari ikatolewa fomu ya siku: nyumba ngapi, waliosikia wangapi, waliompokea Yesu wangapi, wa kufuatiliwa wangapi. Aliyeshika kalamu akaniuliza, yule mzee wa kamba tumuweke wapi?

## Kabla hujawasema wageni

Najua kuna wenzangu mmeshaanza kuchemka, wazungu na safari zao za picha. Ngoja kwanza. Hawa niliokuwa nao walikuwa watu wazuri, na sisemi hivyo kwa sababu walinilipa. Walichangisha nauli kwa kuuza keki na kuosha magari ya watu kanisani kwao, wengine wametoa likizo yao yote ya mwaka kuja kula vumbi la Dodoma mwezi wa saba, upepo ule mnaujua. Yule binti wa bangili alilia kwenye gari. Kiongozi wao nilikaa naye usiku barazani hosteli, tunakunywa chai, akaniambia kweli tupu: ana mkopo wa nyumba, ana watoto, ana kazi inayompa likizo fupi, kwahiyo jibu sahihi lilikuwa hapana, harudi, ila alishindwa kumwambia mzee hapana mbele ya mjukuu wake.

Nilimheshimu kwa hilo.

Lakini swali lenyewe likakataa kuondoka. Nipo kwenye bajaji, linakuja. Nipo kanisani wakati wa matangazo, linakuja. Manake kazi yangu hii ya ukalimani ina sentensi moja ambayo nimeitafsiri mpaka ningeweza kuitafsiri usingizini, "Mungu anakupenda bila masharti, na sisi tumekuja kukuonyesha upendo huo." Watu huitikia amina, au huchekacheka, au huomba dawa ya macho. Yule mzee ndiye wa kwanza kumuona anaipima hapohapo, kwa kipimo ambacho kila mtu anacho nyumbani. Anayekupenda bila masharti, ukimkatalia anachotaka, anafanyaje?

Mama yangu nilipomsimulia wala hakuona ajabu. Alikuwa anachambua mlenda, hata kichwa hakuinua. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Hao siku ya jembe hawafiki. Mtu asiyefika siku ya jembe ana masharti gani? Hana hata muda wa kuyaweka."

Niliona mama kawaonea kidogo. Kuna mtu ana siku moja tu na anaitumia vizuri, Msamaria mwema mwenyewe alikaa usiku mmoja tu pale nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili akaendelea na safari yake. Nikataka nimtajie mama mfano huo, nikafungua Luka 10 nihakikishe, na mstari wenyewe ukanigeuka. Alimwambia mwenye nyumba, chochote utakachogharimiwa zaidi, "mimi nitakaporudi nitakulipa."

Nitakaporudi. Nikafunga Biblia.

## Nilienda mwenyewe

Kwa wale mlioanza kuniuliza kimoyomoyo na wewe je, Mvumi si mbali na mjini: ndiyo, nilienda. Jumamosi moja nikapanda daladala, bila timu, bila bangili. Mzee hakushangaa wala hakufurahi sana, alinipa ncha ya kamba nishike yeye asokote, na tukaongea bei ya ng'ombe mnadani na mvua ambayo mwaka jana ilikatika katikati, mahindi yakaungua, uwele ndio ukawaokoa. Baadaye sana akauliza, wenzako?

Nikamwambia wameshaondoka.

"Mm."

Halafu akanieleza swali lake lilikotoka. Mwaka mmoja wa njaa, zamani kidogo, lilikuja kundi lingine, wenyeji na wageni mchanganyiko, wakaita mkutano chini ya mti, wakasema tunawapenda, wakaandika majina ya kaya. Wakagawa mahindi, na kila wiki wakawa na ibada palepale. Mke wake (marehemu sasa) alienda, alipenda nyimbo. Siku ya kuitwa mbele hakutoka. Akaambiwa taratibu, akaombewa, wiki ya pili hakutoka tena. Mgao uliofuata gari lilipita hapo nje likaenda kusimama kwa jirani.

"Hakuna aliyetutukana," mzee akasema. "Walitupungia mkono."

Mimi hiyo ya kupunga mkono ndiyo iliyoniua. Hawakuwa watu wabaya, nadhani hata hawakukaa kikao kusema tumnyime fulani. Ni orodha tu ilibadilika. Ilianza ikiwa orodha ya wenye njaa, ikaishia kuwa orodha ya waliotoka mbele, na pengine aliyeinakili hakuona tofauti.

## Waliofika siku ya jembe

Sisi watu wa Dodoma tuna historia ndefu na wageni wanaopita. Misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe (Tabora) na Ujiji ililipa hongo kwa watemi ili ipite Ugogo, nchi yetu Wagogo, nguo, waya za shaba, na shanga (ndiyo, shanga), kwa sababu nchi ni kavu na visima vilikuwa vya wenyewe. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, waliokuwa wanaelekea Uganda nao walilipa kama wengine. Kwahiyo mgeni mwenye shanga kwetu si habari.

Habari ni wale waliobaki. Mwaka 1878 kituo cha Mpwapwa kikaanza kazi na daktari wake, Edward Baxter, na kwa miaka mingi waongofu walikuwa wa kuhesabu. Ingekuwa ni ile fomu ya kwenye gari, Mpwapwa ingefungwa mapema. Mwaka 1889 wakati wa vita ya Bushiri na Wajerumani kituo kikachomwa. Wakajenga upya. Ikaja vita ya kwanza ya dunia, wamisionari wa Kiingereza wakawekwa kizuizini na Wajerumani, kisha ikaja Mtunya, ile njaa ya 1918 mpaka 1920 hivi, baada ya majeshi ya pande zote mbili kubeba ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, na mvua nazo zikagoma. Baada ya hapo kazi ilikuwepo bado. Mwaka 1927 ikawa Dayosisi ya Central Tanganyika, askofu wa kwanza George Chambers akaja na Waaustralia wake, na hospitali, na shule, mpaka ile ya wasioona pale Buigiri mwaka 1950.

Buigiri nimeifikiria sana wiki hizi. Ugogo ni nchi ya vumbi, inzi, ng'ombe na maji ya shida, na hiyo ndiyo nyumba ya trakoma, watu walipofuka macho kope zikiwa zimegeukia ndani zinakwaruza mboni. Ukimchukua mtoto asiyeona mwaka 1950 ukamfundisha kusoma kwa vidole, unategemea akulipe nini?

Halafu kuna jambo linanichekesha kidogo. Daktari wa Mvumi anayejulikana duniani ni Paul White wa Australia, na yeye alikaa pale kuanzia 1938 mpaka 1941 tu, mkewe aliugua wakarudi. Manesi waliokaa Mvumi mpaka nywele zikawa nyeupe, wakazalisha mama kisha wakamzalisha na binti yake, muulize mtu yeyote nje ya Dodoma akutajie jina la mmoja.

Ila nisiwapambe. Nikiacha hapa nitakuwa nimewadanganya. Hao waliokaa walikuwa na masharti, tena mazito. Mwenye wake wengi hakubatizwa. Ngoma za jando na nyimbo zake ziliwapa tabu, pombe ya mtama waliipiga vita. Bibi yangu mzaa mama amekulia kwenye hayo masharti na bado yanamkera akiwa na miaka themanini na ushee.

Sasa bila masharti ipo wapi hapo?

## Baba yake bibi

Hili ndilo nililitafuta kwa bibi, na alinipa bila kujua ananipa.

Baba yake alikuwa na wake wawili. Alipenda kanisa. Alisaidia kufyatua matofali ya kanisa, alikaa benchi la nyuma kila Jumapili, na hakubatizwa mpaka anakufa kwa sababu aliambiwa amwache mke wa pili na akasema huyu nimemuoa kwa mahari ya ng'ombe wa baba yangu na ana watoto wangu, nimpeleke wapi. Mchungaji hakulegeza, yeye hakulegeza. Mambo yakabaki hivyo.

Kulikuwa na nesi wa Kiaustralia, bibi anamwita Sista tu, jina lake hakulijua au amelisahau. Sista alikuja nyumbani kwao kwa baiskeli mara kwa mara, alikuwa na kidonda cha baba yake bibi cha kufunga, cha mguuni, kisichopona. Anafunga kidonda, anakaa kwenye ngozi, analetewa ugali wa uwele na mlenda, anakula kwa mkono mlenda unavutika mpaka kwenye kiwiko watoto wanacheka, anaondoka.

Nikamuuliza bibi, alikuwa anahubiri?

"Mwanzoni ndiyo. Baadaye hapana. Maneno yalishaisha, baba alishayasikia yote. Akawa anakuja tu."

Akawa anakuja tu.

Kidonda hakikupona. Baba yake bibi alivyokufa alizikwa kimila, kanisa halikuweza kumzika, na Sista alikuja msibani akakaa chini na wanawake tangu asubuhi mpaka watu wanatawanyika. Bibi anasema wazee walibishana kuhusu hilo miaka, wengine wakaona amevunja utaratibu wa kanisa, wengine wakaona hana akili. Bibi mwenyewe aliomba ubatizo mwaka uliofuata, lakini ukimuuliza kama ni kwa ajili ya Sista anakasirika. "Nilibatizwa kwa ajili ya Yesu," anasema. "Sista alikuwa jirani."

Mimi hapo ndipo fundo lilipofunguka, au tuseme lililegea. Masharti ya kubatizwa ni kitu kimoja na masharti ya kuja kwangu kula mlenda ni kitu kingine. Kanisa linaweza kusema hapana, utaratibu wetu ni huu, na unaweza kuukubali au kuupinga utaratibu wenyewe (mimi ule wa mke wa pili naupinga mpaka kesho, maana aliyebebeshwa mzigo ni yule mama na watoto). Lakini hiyo hapana haikugusa baiskeli. Mzee wa kamba hakuuliza kama atabatizwa bila kuamini. Hakuna mtu mwenye akili anayeuliza hivyo. Aliuliza habari ya baiskeli.

## Rafiki yangu mwinjilisti hakubali

Nina rafiki, mwinjilisti, kijana wa Kongwa, alitumwa na kanisa lake Msumbiji, kaskazini kule, amekaa na Wamakua na ameugua malaria zake zote huko. Kwahiyo msidhani misheni ya nje ni ya wazungu tu, siku hizi tunatuma na sisi. Nilimpigia wasap nikamsimulia yote. Akaniambia ndugu yangu unaanza kuharibika.

Hoja yake haikuwa nyepesi. Anasema ukiondoa kuita watu, umebaki na nini? Mashirika yapo mengi, yanachimba visima vizuri kuliko sisi. Mimi nikienda kijijini nikampenda mtu bila kumwambia ninachokiamini ni uzima, nimempenda au nimemuogopa? Tena anasema kuna upendo mwingine ni uvivu, unajiita heshima.

Kweli bwana. Nikakaa na hilo pia.

Nikarudi kwa yule kijana tajiri wa Marko 10. "Yesu akamkazia macho, akampenda," halafu hapohapo akampa sharti zito, kauze ulivyo navyo vyote. Kijana akaondoka na huzuni. Nimeusoma huu mstari miaka lakini sasa nikausoma kama mkalimani, nani kasema nini kwanza. Kampenda, ndipo akasema. Na alipokataliwa hakubadilisha neno wala hakumtukana. Lakini pia hakumfuata! Hilo linanisumbua mpaka leo. Hakumwambia Petro kamwite yule, au Jumamosi tupite kwake. Alimuacha aende. Kwahiyo mtu wa ile fomu ya kwenye gari anaweza kuniambia unaona, na Bwana naye aliendelea na ratiba.

Sina jibu zuri. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyeondoka ni kijana. Yesu hakuwa ndiye aliyegeuza gari.

Nikamuuliza rafiki yangu, huko Msumbiji, wale waliokukataa, unapita kwao? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna mzee mmoja Mwislamu, imamu mstaafu, wanacheza bao kila jioni na ameshamuhubiria mpaka wote wamechoka. Kwenye ripoti yake ya mwezi anayoituma nyumbani hana pa kumuandika. Ripoti inauliza roho ngapi. "Bao huwa siliandiki," akasema, akacheka.

## Kuku

Hapa nitasema kwa ufupi lakini naona ni kubwa.

Siku ileile ya mzee wa kamba, nyumba ya mbele mama mmoja alitaka kuwapa wageni kuku. Jogoo, miguu imeshafungwa kabisa. Timu ilikuwa na maelekezo kutoka kwao kwamba wasipokee vitu vya wanakijiji, na chakula cha kijijini wasile, matumbo. Kiongozi akakataa kwa upole, akashika mkono kifuani, akasema tunashukuru lakini ninyi mnahitaji kuliko sisi. Nikatafsiri. Uso wa yule mama ulibadilika, akamshusha jogoo chini, akasema haya.

Kwa mgeni ile ni huruma. Kwetu umenikatia mguu, umekuja kwangu, umenipa dawa ya minyoo na kalamu za watoto, nikataka na mimi niwe mtu mbele yako ukasema kaa hapohapo ulipo. Upendo wa kutoa peke yake una cheo ndani yake. Anayetoa yuko juu, na anayepokea hata ukimwita ndugu anajua yuko wapi. Sista alikula mlenda ukamvutika mpaka kwenye kiwiko, na watoto wakamcheka. Naanza kudhani kicheko kile kilifanya kazi kuliko bandeji.

Na tena, Luka 10 hiyohiyo, Yesu anawatuma wale sabini: kaeni katika nyumba iyo hiyo, mkila na kunywa vya kwao, "msihame-hame kutoka nyumba hii kwenda nyumba hii." Jamani. Sisi tuna fomu inayohesabu tumehama nyumba ngapi.

Nilimtumia kiongozi wa timu huo mstari, bila maelezo. Alijibu baada ya siku kadhaa. Anasema mwakani wanafikiria waje watu wachache, wakae kijiji kimoja, walale hukohuko, na nyumba za kutembelea ziwe chache. Na ameniuliza kuku mzima anapikwaje.

## Safu ya nne

Ningependa niishie kwa wageni, wao wako mbali. Lakini kuna hili.

Kanisani kwetu tunaandaa mgao wa mahindi kwa ajili ya ile miezi migumu kabla ya mavuno, fedha imetoka kwa marafiki wa nje, na mimi nimo kwenye kamati, napita mtaani kuandika majina. Karatasi ina safu nne. Jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, namba ya simu, na ya nne imeandikwa "anasali wapi".

Nilidhani hiyo ya nne wafadhili wameitaka. Nikauliza. Hawajaitaka, hawajui hata kama ipo. Tumeiweka wenyewe.

Nikaleta hoja kwenye kikao, iondolewe. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, akasema magunia ni machache, wajane wetu ni wengi, ukigawa kwa wote hakuna atakayeshiba, na akafungua Wagalatia 6:10, tuwatendee watu wote mema, "na hasa jamaa ya waaminio." Nikasema baba, kabla ya hasa kuna watu wote. Akasema mwanangu, na baada ya watu wote kuna hasa. Kikao kizima kikacheka, na mimi nikacheka, na hakuna aliyeshinda. Mhasibu akasema sisi hatumnyimi mtu, safu ni ya kumbukumbu tu. Nikamuuliza, kumbukumbu ya nini? Hapo akaanza kutafuta kalamu yake.

Najua magunia ni machache, nimeyahesabu. Kama ni kuchagua tuchague kwa njaa, nani ana watoto wadogo, nani hana mtu wa kumlimia, nani anaumwa. Na kama mjane wetu ndiye mwenye shida zaidi apate yeye, hakuna atakayelalamika. Ninachokikataa ni kwamba jirani yake anayesali Ijumaa, au asiyesali kabisa, aambiwe Jumapili tunakupenda, na Jumatatu gari limpite likimpungia mkono.

Katibu akaandika hoja imepokelewa, itajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho kimepangwa baada ya mgao.

Karatasi za upande wangu nimeshazirudisha, safu ya nne iko tupu kuanzia juu mpaka chini. Jana katibu kanipigia tena, anataka niende nikaijaze. Nimemwambia kesho niko Mvumi, tuongee wiki ijayo.